Machinisti na Mbwa Wake wa Pasaka

Siku ya Pasaka sikuwahi kuuona mkono wake wa kushoto ukiwa mtupu. Wa kulia ulikuwa wa kula: ulimega bukari, ugali wetu, ukafinyanga tonge, ukachovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, ukapanda mdomoni bila haraka. Wa kushoto ulishika kamba ya mbwa. Aliizungusha kamba ile kiganjani na kuikaza, na mtu akimletea soda, alingoja mwingine amfungulie. Wageni waliofika kwetu kwa mara ya kwanza walidhani mkono ule una ugonjwa. Mama aliwaambia, "Hapana. Ule mukono iko kazini."

Tulimwita Machinisti, na mbele yake Papa Machiniste, kwa sababu huko Katanga alikuwa ameendesha treni mpaka alipozeeka. Jina lake liliandikwa kwenye kengele za mlango wa chini pamoja na majina yetu sote, lakini sidhani kama kuna aliyejisumbua kulisoma. Tulikaa ghorofa moja katika nyumba za kupanga za serikali pale Anderlecht, Brussels, mlango wake ukitazamana na wa mama yangu. Mbele kulikuwa na njia ya kwenda metro. Nyuma kulikuwa na uwanja wa majani, kisha maghala, na nyuma ya maghala ilipita reli.

Mapazia ya upande wa reli hakuyafungua kamwe. Hilo lilitushangaza, maana treni alizipenda. Ukiwa umeketi kwake, mngurumo ukipita nyuma ya pazia, alikuambia bila kugeuka, "Ile iko ya mizigo, tena haina kitu ndani." Lakini kupanda hakupanda. Ndugu zake walipofanya harusi Liège alikwenda kwa basi, akafika ibada imekwisha. Alipoulizwa alisema, "Kuchelewa haiko ajali," na hapo mazungumzo yakawa yameisha. Alikuwa na misemo kama hiyo miwili au mitatu, yote ya kazini, naye aliitumia kwa kila jambo, kuanzia ndoa za watu hadi siasa za Kinshasa. Mwingine ulikuwa huu: "Machinisti hana usukani. Iko na breki tu. Bantu banasahau ile." Tulipokuwa vijana tulimwigiza kwenye ngazi. Tukichelewa shule tulisema kuchelewa haiko ajali, tukacheka mpaka chini.

Mbwa hakuwa wake. Alikuwa wa bibi mmoja Mbelgiji, mjane, aliyekaa mwisho wa korido, na ambaye watoto wake walimpeleka nyumba ya wazee ambako wanyama hawakubaliwi. Siku wanamchukua, bibi alisimama na mkoba wake mlangoni akimtazama kila mmoja wetu, na sisi tukatazama viatu vyetu. Machinisti akatoka kwake, akaipokea kamba. "Wiki moja tu," alituambia baadaye, kana kwamba tumemlaumu. "Huyu iko passager tu." Basi jina likawa hilo, Passager, abiria, ingawa bibi alikuwa amempa jina lingine zuri zaidi. Alikuwa mbwa wa kahawia, si mkubwa, mwenye nywele za kidevuni kama ndevu za katekista. Abiria yule alikaa naye miaka mingi.

Alisema hapendi mbwa. Alilisema hilo huku anamkatia nyama. Mbele za watu hakumpapasa hata siku moja, na alipozungumza naye alimwambia kwa Kifaransa, tena kile cha heshima, kama mtu anavyomsemesha mgeni asiyemjua vizuri: "Vous descendez?" yaani, mnashuka? Kwa nini Kifaransa? "Imbwa ya madame. Kiswahili haijafunzwa." Lakini kuna asubuhi nilipita mlangoni kwake nikasikia sauti yake ndani, chini sana, ikiongea Kiswahili cha kwetu bila kukatika, na hakukuwa na mtu mwingine mle ndani.

Pasaka ilikuwa sikukuu yetu kubwa kwenye jengo lile. Noeli watu walikwenda kwa ndugu zao, lakini Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, familia za Wakongo za jengo zima na Warundi wawili watatu tulishuka na sufuria zetu kwenye ukumbi wa chini. Hali ya hewa ikiruhusu tulitoa meza nje kwenye majani. Huku watoto huambiwa kwamba kengele za makanisa zimekwenda Roma tangu Alhamisi Kuu, ndiyo maana hazilii, na kwamba Jumapili zinaporudi huangusha mayai ya chokoleti bustanini. Watoto wetu waliamini hivyo kama wenzao wa shule. Asubuhi na mapema mimi na akina mama wengine tulificha mayai kwenye majani na kwenye vichaka vya ukutani, yakiwa yamefungwa katika karatasi za dhahabu na za buluu, na watoto wakiachiliwa ilikuwa vita.

Machinisti hakumshusha mbwa mpaka vita iishe. Kisha aliteremka peke yake, amevaa suti yake ya kijivu, na fimbo mkononi, akaukagua uwanja mzima mstari kwa mstari, ameinama, akichokoa kila kichaka. Yai lililosahauliwa alilitia mfukoni. Karatasi iliyotupwa aliitia mfukoni pia. Akimaliza alipanda, na baada ya kitambo tulimwona akirudi na Passager, ambaye alikuwa amechanwa nywele, wote wawili wakitembea taratibu kama wanaotoka sakramentini.

"Shokola inaua imbwa," aliwaambia watoto kila mwaka, akiwa amewapanga mbele yake. "Hata kidogo. Na mifupa ya kuku hapana, inapasuka ndani ya tumbo. Na vitunguu hapana." Mkate wa zabibu wa hapa Brussels, ule uitwao cramique, aliuchukia kama adui, kwa sababu daktari wa wanyama alimwambia zabibu kavu zinaharibu figo za mbwa. Kipande kikianguka mezani alikiona kabla hakijafika chini. Mbwa alikuwa na chakula chake, nyama iliyochemshwa kwa maji matupu na wali kidogo, na mahali pake, blanketi nyuma ya kiti cha Machinisti, mbali na spika za muziki. Mtoto aliyetaka kumgusa alikuja peke yake, akatoa mkono chini ya kidevu cha mbwa anuswe kwanza. Yote hayo tuliyaelewa. Kulikuwa na sharti moja tu ambalo hatukulielewa, na ndilo alilolisema kwa ukali kuliko yote: "Mutoto asikimbie nyuma ya imbwa. Na muntu asiite imbwa toka mbali. Ukimutaka, ukuje hapa."

Na hakumfunga. Hapa ndipo alipokuwa mgumu. Meza zilikuwa na miguu, miti ilikuwepo, ukuta ulikuwa na pete ya chuma ya kufungia baiskeli. Watu walimwambia, Papa, mufunge hapa, ule vizuri. Alijibu, "Miye sifungake imbwa," akaizungusha kamba kiganjani mara nyingine. Jumamosi alipokwenda Matonge, mtaa wa Waafrika hapa mjini, ilikuwa hivyo hivyo. Alikuwa na desturi ya kuzunguka kwenye saluni za kule, yeye asiyekuwa na unywele kichwani, akisalimia, akiuliza huyu katoka mji gani, yule katoka mji gani. Saluni zilizokataa mbwa aliziongelesha kutoka kizingitini, kamba mkononi, mvua ikimnyea. Wasusi walisema anatafuta mke. Mmoja alinieleza sifa za mwanamke anayemfaa, akaniomba nizifikishe.

Mama yangu hakumpenda mbwa yule. "Kwetu imbwa inalinda mulango," alisema. "Haikae na bantu siku ya Bwana." Lakini Machinisti mwenyewe mama alimheshimu, naye Machinisti alimheshimu mama, kwa heshima ya mbali kidogo, kama watu wanaojua kwamba kuna mlango kati yao ambao haufai kufunguliwa. Sisi tulikuwa tumefukuzwa Likasi, huko huko Katanga, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, kwa sababu babu zetu walitoka Kasai. Tulilala kwenye uwanja wa stesheni wiki nyingi tukingojea treni ya kutuondoa, tukazika watu pale pale, ndipo treni ikaja. Machinisti alikuwa mwenyeji, mmoja wa wale waliobaki. Mama hakuyasimulia mambo yale. Lakini mezani, siku za sikukuu, kuna mzee mmoja angekunywa bia yake ya tatu akaanza, mnakumbuka stesheni, na hapo Machinisti aliinuka. "Imbwa anataka kutoka," alisema, wakati mbwa kalala usingizi. Tulidhani ni adabu, kwamba hataki kutukwaza. Mama alisema, "Ule muzee iko na haya. Ni vizuri muntu kuwa na haya."

Mwaka ule binti yangu alipoanza shule ya chekechea, Machinisti alikuwa amezeeka kuliko tulivyotambua. Nilikuwa nimerudi kukaa kwa mama baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, na ningepaswa kuona dalili, lakini mtu wa mlango wa pili humuoni. Siku hiyo jua lilikuwa kali kwa Pasaka. Tulikula nje. Machinisti alimaliza chakula chake, kidevu kikashuka kifuani, akasinzia ameketi wima, kamba ikiwa bado imekazwa kiganjani. Hakuiachia. Binti yangu alipita chini ya meza.

Alimpenda Passager kuliko binamu zake wote. Alikuwa amepata kuku wa chokoleti nyeusi, mkubwa, zawadi ya mama, na akaona si haki abiria ale wali mtupu siku ya Pasaka. Alimvunjia nusu. Alinieleza hivyo baadaye, kwa utulivu kabisa, kwamba alimpa nusu kwa sababu walikuwa wawili.

Machinisti alizinduka kwa sababu kamba ilitikisika. Mbwa alikuwa akilamba karatasi ya dhahabu iliyomng'ang'ania ndevuni. Nilimwona yule mzee akiitazama karatasi ile, akaitoa kwa vidole viwili, akainusa. Alivua koti la suti, akamfunika nalo mbwa, akambeba, akaja mpaka nilipokaa. "Una motokari," aliniambia. Halikuwa swali.

Binti yangu alielewa kwamba kuna kitu kibaya kimetokea na kwamba kimetoka mkononi mwake. Alianza kulia bila sauti. Machinisti alisimama mbele yake na mzigo wake. "Weye hauna makosa," alimwambia. "Kaa na nkambo wako." Mama akamshika mkono mjukuu wake, nasi tukaenda kwenye gari.

Nilikuwa nimeanza kutoka kwenye maegesho. Kwenye kioo nilimwona mama amesimama na mkono wake umenyooshwa, mtupu, na mtoto anakimbia nyuma yetu katikati ya magari, viatu vyake vya Pasaka vikipiga lami, akiita jina la mbwa. Kabla sijafanya lolote sauti ikapasuka kando yangu.

"Simamisha!"

Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Nilikanyaga breki kwa nguvu hata paji lake likagonga kioo. Hakujali. Alimlaza mbwa kitini, akafungua mlango, akatoka, akamwendea mtoto kwa hatua ndefu mikono imenyooshwa mbele, kama unavyomwendea mtu aliye ukingoni mwa paa. Alimshika. Alipiga magoti pale kwenye lami na suruali yake ya suti na kumkumbatia kwa muda ambao hatukuwa nao. Kisha akamleta garini, akamketisha nyuma kando ya mbwa, akaketi naye. "Sasa twende," akasema. Mama alikuwa bado amesimama vile vile.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana, mwenye nywele fupi. Aliuliza uzito wa mbwa, aina ya chokoleti na saa aliyoila, akamchukua ndani ili amtapishe, akatuambia tungoje. Sebuleni mle hatukuwa na mwenzetu, ila mwanamume mmoja na sungura kwenye kikapu, naye aliitwa upesi. Binti yangu alilala mapajani mwa Machinisti. Nilimwona akiutazama mkono wake wa kushoto, ambao sasa haukuwa na kitu, akiufungua na kuufunga.

"Kuko kitu sikuambiaka mama yako," alisema.

Nilidhani ataniambia ni mgonjwa.

"Miye njo nilibebaka bantu benu. Treni moja. Ile ya kwanza kwanza."

Aliniambia haikuwa treni yetu. Tulilinganisha miezi, na kweli haikuwa. Sisi tulichukuliwa baadaye, na mtu mwingine. Lakini ilikuwa stesheni ile ile, na watu walipanda vile vile, ndani ya mabehewa ya mizigo na juu ya mapaa, na masufuria na magodoro. Ikaondoka. Nje kidogo ya mji, alisema, kuna kona, na machinisti akifika kwenye kona hutazama nyuma ahakikishe mabehewa yote yanafuata. Akatazama. Akaona mbwa.

"Mingi," alisema. "Sikujua kama mji iko na imbwa mingi vile. Zilikuwa zinakimbia pembeni ya ma-wagon. Ingine iko na kamba kwa shingo, bantu balizifunga nyumbani, zikakata kamba na meno." Watu walioketi juu ya mabehewa walikuwa wanaziita kwa majina. Wengine walizifukuza kwa mikono, rudi, rudi nyumbani. Na yeye akawaza kwamba akiongeza mwendo mbwa watachoka mapema, na watu hawatalazimika kutazama. Aliniambia aliwaza hivyo kwa wema. Akaongeza mwendo.

Ndipo msichana akaruka.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa behewa, amevaa sare ya shule, sketi ya buluu na blauzi nyeupe. Machinisti alimwona akianguka kwenye kokoto za reli. Alimwona mbwa akigeuka na kumwendea. Msaidizi wake ndani ya mashine akamwambia usisimame, hapa wanaowafukuza hawa watatupiga mawe, watachoma moto, na msaidizi hakusema uongo, ilikuwa imekwisha kutokea.

"Breki ilikuwa hapa," alisema, akagusa goti lake, kando ya kichwa cha binti yangu. "Sawa hii goti. Mukono ilikuwa tayari juu yake."

"Msichana aliinuka?"

"Kona ilifunga."

Nilimuuliza tena, kwa namna nyingine, kana kwamba jibu lingebadilika. Je, alimwona akitikisika? Je, hakuna aliyemwambia baadaye? Alitikisa kichwa. Kona ilikuwa imefunga, nyuma hakukuonekana tena. Alipofika mwisho wa safari alikwenda behewa kwa behewa akiuliza, na watu, ambao walikuwa wamechoka na wamefiwa, walimtazama tu. Tangu siku hiyo alikuwa akiuliza. Lubumbashi aliuliza. Huku aliuliza kila Jumamosi, kwenye vizingiti vya saluni.

Daktari alitoka akasema mbwa ametapika vyote, moyo unakwenda mbio lakini utatulia, abaki mpaka jioni. Machinisti alimshukuru kwa Kifaransa chake cha heshima. Kisha akaniomba jambo moja: nisimwambie mama. "Nitamwambia miye mwenyewe."

Alimwambia siku ya pili, Jumatatu ya Pasaka, amesimama mlangoni kwetu kwa sababu alikataa kuketi. Passager alikuwa amelegea miguuni pake. Alieleza kwa maneno machache kuliko yale aliyonipa mimi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alimuuliza kitu kimoja tu, ni mwezi gani, naye akamjibu. Kisha mama akafunga mlango, polepole, bila kuubamiza.

Mwaka mzima hakumsalimu. Wakikutana kwenye lifti mama alitoka, akapanda ngazi na magoti yake yale mabaya. Nilijaribu kumtetea. Nilimwambia mama, hakuwafukuza watu yeye, alipewa treni akaendesha. "Ninajua," alisema. "Weye unafikiri sijui?" Akaendelea kuchambua majani ya sombe. Baadaye kidogo, bila kuniangalia: "Mutoto aliruka, na yeye alikwenda. Niko nasikia ile mu mifupa. Uniache kwanza nisikie."

Kwa hiyo nikamwacha.

Pasaka iliyofuata Machinisti hakushuka. Mayai yalifichwa, watoto wakapigana, na hakuna aliyekagua uwanja baada yao. Karatasi za dhahabu zilibaki kwenye majani zikipeperushwa na upepo. Meza ilijaa kama kawaida lakini watu waliongea kwa sauti ya chini, na nafasi yake hakuna aliyeikalia, ingawa viti havikutosha. Yule mzee wa bia hakuanza habari za stesheni. Katikati ya mlo nilimwona mama ameinuka. Alikwenda mwisho wa meza, akafunua kijisufuria ambacho sikuwa nimekiona, kilichofunikwa kwa sahani. Ilikuwa nyama ya ng'ombe imechemshwa kwa maji matupu. Haikuwa na chumvi, haikuwa na kitunguu. Alikuwa ameipika peke yake alfajiri, kabla sijaamka.

Akaipakua kwenye ile sahani, akapanda nayo. Nilimfuata kwenye ngazi kwa sababu niliogopa. Alibisha hodi. Machinisti alifungua amevaa suti yake ya kijivu, na mbwa amechanwa nywele. Walikuwa wamejitayarisha wote wawili na kuketi ndani. Mama akamnyooshea sahani.

"Hii iko ya imbwa," alisema. "Yako iko chini. Ukuje kula."

Mzee alikuwa na kamba mkono mmoja na fimbo mwingine. Niliipokea mimi. Tulishuka sote kwa lifti, mbwa katikati yetu akinusa sahani. Pale chini mama akamvutia kiti. Hakumsamehe kwa maneno, sikumsikia akimsamehe hata siku moja, lakini kila Pasaka tangu hapo kijisufuria kile kilikuwepo. Na mama, ambaye hakumpenda mbwa, ndiye aliyewapangia watoto mstari na kuwaambia: asikimbie muntu nyuma ya imbwa.

Passager alikufa kwa uzee, wakati wa baridi, kwenye blanketi lake. Machinisti alikuja kutuambia akiwa ameishika kamba. Mama naye alitutoka miaka miwili mitatu baadaye. Mimi nikapata nyumba upande mwingine wa jiji, binti yangu akawa mrefu kunizidi, na yule mzee nikawa namwona kwa nadra, kisha simwoni.

Nilikutana naye mara ya mwisho Porte de Namur, karibu na Matonge, chini kwenye metro, wiki ile ya kabla ya Pasaka. Nilikuwa natoka kwa mteja wangu mmoja. Alikuwa ameketi kwenye benchi, amekonda ndani ya suti ile ile, mikono yote miwili juu ya magoti. Alinitambua mara moja. Niliketi. Nilimuuliza habari za afya, za nyumbani, akajibu zote nzuri. Treni yangu ikaja, nikaiacha iende.

"Nimemupata," alisema.

Ilikuwa Jumamosi, alikuwa ametoka saluni. Kulikuwa na mwanamke kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, mtu wa Likasi. Machinisti alimweleza kama alivyowaeleza wengine wote: treni ya kwanza kwanza, kona, msichana wa sare. Na yule mwanamke akasema ndiyo, nilikuwa humo. Nilikuwa juu ya behewa.

"Akasema nini?" nikamuuliza.

"Akaniuliza, 'Papa, ni mutoto yupi? Baliruka bengi.'"

Aliniangalia. Alisema mwanamke yule alingoja kidogo, kisha akakigeuza kichwa chake ili msusi aendelee. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Alikuwa ameulizwa swali naye akauliza lake.

"Miye niliona moja," alisema. "Toka ile siku niko natafuta moja."

Watu walipita mbele yetu na mifuko ya madukani, mingine imejaa mayai na sungura wa chokoleti. Alivitazama viatu vyao. Kisha aliniuliza kitu ambacho hakuwahi kutuuliza, wala mimi wala mama, katika miaka yote ya kukaa mlango kwa mlango.

"Kwenu mulikuwa na imbwa?"

Nilimwambia ndiyo. Aliitwa Bobi. Alikuwa mweupe, mwenye doa jeusi mgongoni, na kaka yangu ndiye aliyemlea tangu mdogo. Sikuwa nimelitamka jina lile tangu tuondoke. Mama hakutaka litajwe.

"Alifuata?"

"Alifuata."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye nguzo ya ishara. Pale akaketi."

"Hakuanguka?"

"Hapana, Papa. Aliketi tu, akatutazama."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea taarifa aliyoihitaji. Metro nyingine ikaingia, ikafungua milango, ikafunga. Upepo wake ukatupiga usoni, na alipozungumza ilibidi niiname nimsikie.

"Pole, mwanangu."

"Nimeisha poa, Papa," nikamjibu. Ndivyo tunavyojibu sote, aliyepoa na ambaye bado.